Rejeta Iliyokataa Kupata Moto

Julai iliyopita nilikuwa juu ya paa la loji moja nje ya Voi, nafunga mtambo wa jua wa kupasha maji, simu ikalia. Alikuwa Mama Wakesho kutoka mlimani. Mama Wakesho ana simu mwaka wa ishirini sasa na bado hajaamini kwamba inaweza kumsikia asipopiga kelele, kwa hiyo hata vijana wangu waliokuwa chini ya ngazi waliyapata yote. "Nekesa! Wanang'oa rejeta zako!" Nikamuuliza nani. "Watu wa chuma chakavu! Nyumba imepewa shule, masista wamehamia ile mpya ya huku chini. Jumatatu lori linakuja. Kama unataka kuziaga, njoo!" Nilicheka mpaka kijana mmoja akaja kunishikia ngazi. Mtu ana miaka hamsini na miwili, amezika wengi, ameaga wengi, na sasa anaitwa kwenda kuaga rejeta. Halafu kicheko kikaisha, nikabaki nimekaa kwenye mabati yanayochoma, na macho yalikuwa yamelowa. Nilizipenda rejeta zile. Kila nilicho nacho leo, jina langu kwenye ubao wa duka, vijana sita, hata hili paa la watu nililokuwa nimekalia, nilikipata kwa sababu yake. Au hivyo ndivyo nilivyoamini hadi Jumapili ile nilipopanda mlimani na spana mfukoni. Kwa hiyo nitausimulia mwaka ule kama ulivyokuwa. Sitaanza na wazazi wangu. Wao walinizaa na kunilea vizuri, lakini hawakuwahi kugusa boila.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilikuwa fundi wa rejeta. Asiyeijua Voi hawezi kujua heshima iliyokuwa ndani ya maneno hayo. Malori yanapanda kutoka Mombasa yamebeba mizigo ya nchi nzima na nchi za jirani, jua linawaka, na injini zinachemka. Dereva anafika kwetu amejifunga kitambaa mkononi, mvuke unatoka mbele ya lori, na anachotaka ni mtu wa kuziba rejeta kwa risasi iliyoyeyushwa, kuisafisha matope na kumrudisha barabarani. Mzee Barasa alikuwa amenifundisha kazi hiyo miaka mitatu. Alikuwa mtu wa Bungoma kama wazazi wangu, mnene, mwenye sauti ya kwaya, na banda lake lilinuka asidi na chai ya maziwa. Kanuni yake ilikuwa moja: rejeta ikiwa moto ni mgonjwa, rejeta ikiwa baridi amepona. Asubuhi moja ya Mei dereva wa masista kutoka Wundanyi, juu kwenye vilima vya Taita, akaleta barua. Mzee Barasa aliisoma kwa sauti mbele ya wateja. "Rejeta zetu zimekataa kupata moto. Tunaomba mtutumie fundi." Akaishusha miwani. "Rejeta ikikataa kupata moto, si unamshukuru Mungu na unaendelea na safari?" Banda zima likaangua kicheko. Yeye alikuwa na malori matatu yakimngoja, kwa hiyo akanitazama. "We Nekesa, nenda wewe. Pengine wameandika kinyume. Masista wanasali sana, wanaweza kuchanganya." Nikafungasha risasi, koleo, jiko la kuchomelea na gauni moja jepesi, maana nilijua nitarudi kesho yake.

Mimi ni mtoto wa Voi. Sweta nilikuwa nimeiona kwa wanafunzi wa bweni tu. Nilipofika kwenye ile nyumba juu ya Wundanyi, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye maboga ya shambani, na meno yangu yakaanza kugongana bila ruhusa yangu. Ilikuwa nyumba ndefu ya mawe, korido moja na vyumba vinane, ambamo masista wazee walipumzika baada ya kazi za maisha yao. Aliyenipokea alikuwa mkubwa wao, tukimwita Sista Mkuu, mwanamke mwembamba wa Kikamba mwenye hatua za haraka, aliyesema kila jambo mara moja tu. Nikamuuliza gari liko wapi. "Gari gani?" akasema, akaniingiza ndani. Kwenye ukuta wa korido, chini ya dirisha, palikuwa na dude la chuma lililopakwa rangi nyeupe, lenye mbavu mbavu, refu kama benchi la kanisa. "Rejeta," akasema. Nikapiga magoti, nikachungulia chini yake, nikaweka kiganja. Baridi kabisa. Nikasimama na kujipangusa mikono kama nilivyofundishwa. "Sista, hii iko sawa kabisa." Nikaona pengine nimehukumu haraka, nikauliza, "Feni yake iko wapi?" Kutoka mlango wa jikoni kikatoka kicheko ambacho sijakisahau, kikifuatwa na mfuniko wa sufuria ulioanguka na kuzunguka sakafuni mpaka ukachoka. Huyo ndiye aliyekuwa Mama Wakesho, mpishi. "Sista," akasema akijifuta machozi kwa kanga, "wametuletea fundi wa kutugandisha."

Jikoni, nikiwa na bakuli la kimanga moto mapajani, maharagwe na mihogo iliyopondwa pamoja mpaka ikawa kitu kimoja, ndipo Mama Wakesho alinieleza. Zamani padre mmoja mgeni aliyeogopa baridi alijenga nyumba hii kwa mtindo wa kwao. Nyuma ya jikoni kulikuwa na boila, pipa kubwa la chuma linalochomwa kuni, na pampu ya umeme iliyosukuma maji ya moto kwenye bomba hadi kila chumba, yakapita ndani ya rejeta, yakarudi kuchemshwa tena. Kumbe kulikuwa na rejeta duniani ambazo kazi yake ni kupasha moto watu. Padre alipoondoka aliondoka na ujuzi wake, na kila mwaka joto lilipungua. Sista Mkuu akaja akasimama juu yangu. "Unaweza au huwezi?" Ukweli ni kwamba sikujua. Lakini nilikuwa nimeshachekwa mara moja siku hiyo, na kimanga kile kilikuwa kitamu. "Naweza," nikasema. Nimesema uongo mara chache maishani, na huo ndio ulionilipa kuliko ukweli mwingi.

Mwanzoni mambo yalinyooka, maana chuma ni chuma. Rejeta zilikuwa na joto kidogo chini na baridi juu. Lori nalo likiwa na hewa ndani maji hayazunguki. Nikakuta juu pembeni ya kila moja kiskurubu kidogo, nikakilegeza, kikapiga mluzi mrefu wa hewa ya miaka, halafu maji meusi yakanirukia usoni. Masista walikuwa wamekuja na viti vyao kutazama, wakapiga makofi. Nyingine zilikuwa na moto juu na baridi chini, nikajua hayo ni matope ya kutu. Nikazifungua moja moja, nikazibeba nje na mtunza bustani, nikaziosha kwa mpira wa maji mpaka ukatoka uji mzito wa rangi ya wimbi ulioua nyasi zote pale. Siku mbili zikawa wiki tatu. Sista Mkuu akasema bomba ni kuukuu, heri nikae mwaka mzima kama fundi wa nyumba. Mzee Barasa nilipompelekea habari alijibu kwa dereva kwamba amesikia nimeokoka na kuhamia kwenye rejeta za watakatifu, na kwamba nafasi yangu ipo.

Nikapewa kijumba kidogo kati ya jikoni na boila, mahali pa joto kuliko pote. Napakumbuka kuliko nyumba nyingi nilizoishi baadaye: kitanda cha chuma, msumari mmoja wa gauni na msumari mwingine wa spana ndogo ya koki, dirisha lililotazama magogo ya mkaratusi yaliyopangwa. Asubuhi Mama Wakesho aliniita kwa Kidawida, lugha ya Wataita, "Kwawuka mana?", yaani umeamkaje, nikajibu vibaya, akacheka, tukanywa chai. Alinilisha kimanga na mboga za malenge. Mimi nikamsongea ugali mgumu wa kwetu, akasema huo ungefaa kuziba bomba. Na kulikuwa na jambo ambalo padre yule hakulikusudia. Kila mahali bomba lilipopita ukutani palibaki tundu, na maneno yalipita humo pamoja na bomba. Ukiinama kwenye rejeta ya chumba cha tatu ulisikia yanayosemwa cha nne. Mafundi wote wanajua siri za watu, lakini mimi nililetewa zangu kwa bomba. Nilijua nani anaficha karanga chini ya mto na nani analala katikati ya rozari.

Chumba cha nane, mwisho kabisa wa korido, kilikuwa cha Sista Perpetua. Alikuwa Mtaita wa hapo hapo, miaka themanini na zaidi, kifua kibovu, na alikuwa amewazalisha wanawake wa vilima vile kwa muda ambao hata yeye hakuuhesabu. Kitanda chake kilikuwa kimesogezwa dirishani. Kutoka hapo ulionekana mlima Vuria ukungu ukipenda, na njia ya chini iliyopitiwa na kila mtu. "Yule mwenye punda," aliniambia siku ya kwanza, "alizaliwa akitanguliza miguu. Mama yake alinitukana sana. Na yule wa mwavuli, mwanangu, huyo alikuwa pacha." Nilikuwa naenda kukagua rejeta yake kwa dakika tano nakaa saa nzima. Nilikuwa napenda kukaa na mtu anayeangalia dunia akiona kazi yake inatembea. Lakini chumba kile kilikuwa baridi kama kisima. Cha kwanza, ambacho ndicho kilikuwa ofisi na chumba cha Sista Mkuu, kilikaribiana na boila na kilikuwa na joto la Voi. Sista Mkuu aliandika barua zake dirisha likiwa wazi. Cha pili na cha tatu walilala bila soksi. Kufikia cha nane, maji yalikuwa yamesahau yametumwa nini. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na wenye joto hawakumjua Perpetua, ila kwa kikohozi chake mezani.

Mchana mmoja wa Juni, baada ya chakula, nilikuwa nimelala kifudifudi chini ya rejeta ya chumba cha pili nikasikia sauti kutoka cha kwanza. Sista Mkuu alikuwa na Perpetua. "Daktari amesema joto. Mwisho wa Julai. Kama chumba chako hakijapata moto, Jumamosi ya mwisho gari litakupeleka nyumba yetu ya Pwani." Perpetua akakohoa kwanza. "Huko Pwani nitakuwa namtazama nani dirishani?" "Utatazama watu." "Watu nisiowajua hata jina. Hapa nikifa, atakayebeba jeneza nilimpokea mimi mwenyewe." Halafu Sista Mkuu, kwa sauti ile ile ya kusema mara moja: "Sitazika mtu kwa sababu anapenda kuangalia mlima." Nilimchukia siku hiyo. Nilitoka chini ya rejeta ile nikiwa na vumbi puani na kiapo moyoni, kwamba chumba cha nane kitapata moto hata nikikipulizia kwa mdomo.

Nikafanya alilofanya kila mjinga kabla yangu: nikaongeza kuni na nikafungua koki ya chumba cha nane mpaka mwisho. Chumba cha kwanza kikawa tanuri la mkate, Sista Mkuu akafungua dirisha la pili. Cha nane kikabaki vile vile. Nikafungua pampu, nikaisafisha, nikairudisha. Nikalitoa hewa bomba lote kwa mara ya tano. Wiki mbili zikaisha hivyo na ukungu ukakaa siku nzima. Jumamosi moja Mama Wakesho akaniona nimekaa kwenye magogo nimeshika tama. "Wewe njoo shamba," akasema. "Leo ni zamu yangu ya maji." Shamba lake lilikuwa Ronge, kwenye mteremko, na mfereji wa jamii ulipita juu ukigawa maji kwa kila jirani kupitia vijimfereji vidogo. Lake lilikuwa la mwisho. Nilidhani atachimba mdomo wa mfereji wake uwe mpana. Hakuugusa. Alipanda hadi kwa jirani wa kwanza, akaweka kipande cha mgomba na mawe mawili kwenye mlango wa maji ya yule jirani, akaacha mwanya kidogo. Kwa wa pili akaweka jiwe moja. Kwa wa tatu kajiwe.

"Mama Wakesho, unawafungia wenzako?"

"Siwafungii, nawapunguzia. Wanajua, hata wao siku yao wanafanya hivyo." Alisimama akashika kiuno. "Maji ni mvivu, Nekesa. Ikipata njia karibu, haiendi mbali. Huyu wa mwisho hata umfungulie mdomo wote, atakunywa hewa. Unataka wa mwisho apate, nenda ongea na wa kwanza."

Tulishuka, na kwenye mahindi yake maji yalikuwa tayari yanafika, taratibu, yakilamba udongo. Nikakaa kwenye matope na gauni langu la pekee. "Mama Wakesho! Hii ndiyo rejeta!" Akanitazama kwa huruma. "Wewe na rejeta zako. Shika jembe."

Jumatatu nikaanza upya. Kila rejeta ilikuwa na koki mbili. Moja ilikuwa na kishikio, ya mwenye chumba kufungua apendavyo. Ya pili, upande wa maji kurudi, ilifunikwa kofia, na chini ya kofia kulikuwa na nati ya shaba iliyohitaji ile spana yangu ndogo. Nilikuwa nimezidharau nati zile nikidhani ni za urembo. Kumbe hayo ndiyo yalikuwa mawe ya Mama Wakesho. Chumba cha kwanza nikakiachia robo mzunguko tu. Cha pili nusu. Cha tatu zaidi kidogo, na kuendelea hadi cha nane, ambacho nilikiacha wazi chote. Baada ya kila nati nilingoja saa nyingi, nagusa chuma huku na chuma kule, na nilipotosheka nilichora kwa msumari alama ya mahali nati ilipo. Manung'uniko yakaja. Sista wa chumba cha tatu aliniambia nimemrudisha utawani, akakumbuka kwamba tayari yuko utawani, akacheka mwenyewe. Sista Mkuu alifunga madirisha yake, akasimama akaitazama ile nati. "Nitaandikaje vidole vikikauka kwa baridi?" Nikamwambia robo itamtosha, na kwamba chini ya hapo siwezi kwenda kwa sababu ni ofisi yake. "Nikiifunga kabisa, Sista, utakaa kama jokofuni." "Na yeye angepata zaidi?" "Angepata zaidi." "Sawa," akasema, akarudi kwenye barua zake.

Wiki ya mwisho ya Julai ikafika na chumba cha nane kilikuwa na uvuguvugu wa chai iliyosahauliwa. Ilikuwa afadhali, lakini haikuwa joto, na daktari hakuwa amesema afadhali. Ijumaa begi jeusi la Sista Perpetua lilikuwa mlangoni limefungwa kamba. Nilitaka nijaribu mara ya mwisho kupunguza cha pili na cha tatu, nikaenda kwenye msumari wangu, spana haipo. Nikatafuta kwenye magogo, jikoni, kwenye majivu ya boila. Sista Mkuu alinipita kwenye korido nikiwa nimeinama. "Tafuta vizuri," akasema. "Vitu havina miguu." Sikuipata. Nikaenda kwa Perpetua kumwambia nimeshindwa, nikalia kama mtoto, na yeye ndiye aliyenibembeleza. "Wote niliowapokea walilia," akasema. "Si vibaya."

Jumamosi, chai ya asubuhi ikiwa mezani na dereva akipasha gari uani, tukasikia kengele ndogo ya chumba cha nane. Tulikimbia wote. Tulikuta harufu ya sufu inayoungua. Sista Perpetua alikuwa ameanika soksi zake juu ya rejeta, na zilikuwa zinatoa moshi. "Nekesa, mwanangu," akasema, "hii kitu inataka kunichoma." Sista Mkuu akapenya katikati yetu, akaweka kiganja kwenye chuma, akakiondoa upesi. Hakutabasamu. "Dereva apewe chai," akasema, "halafu arudishe gari." Nilicheza. Nilimbeba Mama Wakesho, ambaye si mwepesi, nikazunguka naye korido. Niliwaeleza wote, kwa sauti ya mwalimu, kwamba maji yalihitaji siku chache yatulie kwenye njia zake mpya. Jumapili nikaiona spana imening'inia kwenye msumari wake, nikajicheka kwa kutokuona. Na wiki ile Sista Mkuu aliniambia, "Chumba changu kimekamilika. Usikiguse tena." Nikaichukua kama sifa. Tangu hapo alinipokea mlangoni mwa ofisi yake, sikuingia.

Agosti ikaisha, boila ikazimwa, mwaka ukapita kwa mabomba ya jikoni, tangi la mvua na stori za dirishani. Mei tukawasha tena na chumba cha nane kikapata moto siku ya kwanza. Mwezi uliofuata nikaaga. Sista Mkuu alinipa barua ya mstari mmoja na sahihi: "Nekesa anajua kugawa moto." Hati yake, niliyoizoea ikiwa imenyooka, safari hii ilikuwa imepinda na kutetemeka, nikamtania Mama Wakesho kwamba mkubwa anazeeka. Barua hiyo niliiweka kwenye fremu. Iko ukutani dukani kwangu hadi leo, na kila kijana anayekuja kujifunza kazi husimama mbele yake nikamsimulia habari ya robo mzunguko, nusu mzunguko, na soksi zilizotoa moshi. Sista Perpetua aliishi miaka minne zaidi. Alifia chumba kile, mwezi wa Februari, kwenye jua kali na boila imezimwa, na mwenye punda alikuwa mmoja wa waliombeba. Sista Mkuu alihamishwa, akafia mbali nikasikia baada ya miezi. Aliyemfuata alipendelea chumba cha pili, na cha kwanza kikawa stoo ya vitabu.

Basi, Jumapili ile ya Julai iliyopita nilimkuta Mama Wakesho amekaa juu ya kreti kwenye korido tupu, gambuti miguuni, mzee sasa, mnene zaidi, anapiga kelele hata bila simu. Nilikuwa nimeenda kuchukua rejeta ya chumba cha nane. Kabla ya kuifungua nikataka nione alama zangu, maana kila mtu ana majivuno yake. Nikaanzia mwisho. Cha nane wazi. Cha saba, nati iko kwenye mchoro wa msumari wangu. Cha sita, cha tano, vyote nilivyoviacha. Miaka thelathini hakuna mkono uliogusa. Nikafika cha kwanza. Nikatoa vumbi, nikatoa kofia. Nati haikuwa kwenye alama yangu. Nikaisukuma kwa spana upande wa kufunga, haikuenda hata unywele. Nikajaribu upande wa kufungua, ikazunguka laini. Ilikuwa imefungwa kabisa.

"Mama Wakesho, nani alifunga hii?"

Akatazama gambuti zake. "Mwenye chumba mwenyewe, Sista Mkuu."

"Lini?"

"Ile Ijumaa yako ya kulia. Alikuja jikoni na spana akaniuliza inafungwa upande gani. Mimi nijulie wapi? Nikamwambia ajaribu kama mfuniko wa chupa."

"Na hakuifungua tena?"

"Hakuwahi. Wewe ulidhani zile sweta mbili alizovaa ni za urembo?"

Nilizikumbuka. Ya kijivu juu, ya bluu chini yake, mezani, mikono imeingizwa ndani ya mikono ya sweta mpaka sala ya chakula ianze. Nikaikumbuka na ile hati iliyopinda kwenye barua yangu. Nilikaa sakafuni, na safari hii hapakuwa na matope. "Mbona hamkuniambia?"

"Alinikataza. Alisema huyu msichana akijua, atafikiri ameshindwa. Mwache ashuke Voi akiwa fundi." Mama Wakesho akanyoosha mguu, akanigusa bega kwa ncha ya gambuti. "Lakini ulimwambia wewe mwenyewe. Si ulimwambia akifunga yule atapata zaidi?"

Nilicheka na nililia, yote kwa wakati mmoja, na sikuona haya. Mwanamke niliyemchukia kwa maneno niliyoyasikia kupitia tundu la bomba alikuwa amekaa kwenye baridi msimu baada ya msimu, ukuta mmoja tu kati yake na boila, ili mwenzake aangalie mlima na mimi niitwe fundi. Na sina mahali pa kumshukuru.

Ya chumba cha nane niliiacha. Vijana wangu, waliokuwa wakinisubiri nje na gari, walinisaidia kupakia ya chumba cha kwanza, nikaipigilia ukutani dukani kwangu Voi, chini ya ile barua, katika mji ambao hata chuma cha kivulini hupata homa. Wateja wanaiuliza. Wiki iliyopita dereva mmoja wa lori aliizunguka, akachungulia chini, akaniuliza kama inafanya kazi. Nikaweka kiganja juu yake. Ilikuwa asubuhi, jua halijafika, na chuma kilikuwa baridi.

"Hii," nikamwambia, "iko sawa kabisa."